Mjuaji wa Saa za Australia

Miye ndiye mjuaji wa ukoo. Mpwa wangu aliolewa hapa Ngamiani, na wali wake wa kumwozesha ni kakaake aliyeko Australia, atoe idhini kwa simu akitoka kazini. Nilishasoma kwamba msimu ule huko husogeza saa mbele, nikawakusanya watu msikitini saa moja mapema. Simu ikaita weee, haikupokelewa.

"Ughaibuni kumemharibu," nikatangaza, "hata saa hajui!"

Pilau likapoa. Baada ya saa nzima akapiga mwenyewe, nikaweka spika, sauti ikasikika msikiti mzima: "Shikamoo mjomba. Ndiyo natoka kazini. Si nilikwambia wanaosogeza saa ni majimbo mengine, letu halisogezi?"

Shehe akaninyang'anya simu mbele ya wakwe. "Alhamdulillahi, anayejua saa tumempata. Wewe kaa."