Mikono Nyuma, Sekela

Jamani, leo nimesifiwa mbele ya Mkaguzi, na tangu hapo chakula hakishuki.

Kuna binti wa darasa la nne hapa shuleni, Sekela, ana kigugumizi. Nimekuwa nikimfundisha ofisini kwangu kusoma huku akigonga paja kwa kidole, kila silabi na pigo lake. Maneno yalikuwa yameanza kutoka.

Leo Mkaguzi alikuja kuchagua wa kuendelea darasa la tano. Sekela akasimama, akaanza vizuri, kidole kinakwenda.

"Mikono nyuma!" Mwalimu Mkuu akafoka. "Unasoma au unapiga ngoma?"

Mikono ikaenda nyuma. Neno likakwama.

"Me, me, me..."

"Mbuzi wa nani huyu?" akauliza Mwalimu Mkuu. Darasa zima likacheka.

Mkaguzi akalikata jina la Sekela kwenye orodha.

Mwalimu Mkuu akanigeukia mimi niliyewaletea orodha hiyo. "Karani, hebu mwonyeshe watu wanavyosoma."

Nikasoma ukurasa mzima bila kukwama. Kwa baridi hii ya Uyole, nani angemshangaa karani mwenye mkono mfukoni mwa koti? Humo mfukoni kidole kiligonga kila silabi. Nami ninacho kigugumizi, na kazi hii nimeipata kwa kukificha.

"Umeona?" Mwalimu Mkuu akamwambia Sekela. "Karani hachezi na vidole."

Sekela hakunitazama usoni. Aliutazama mfuko wangu.

"Nimeona, Mwalimu," akajibu, bila kukwama hata kidogo.

Kesho asubuhi atapita ofisini kuniamkia kama kawaida. Niambieni, ndugu zangu, nitaitikaje?