Khanga ya Jeni kwenye Lango la Mfereji

Niliondoka Kibondo kwa sababu ya kuogelea. Msinicheke. Nilikuwa nimetazama watu kwenye simu wakielea juu ya maji, nikajiona bingwa tayari, ilhali kijito cha kwetu wakati wa kiangazi kinanifika magotini. Jeni, niliyesoma naye hadi kidato cha pili, akanipigia: "Njoo kwetu Rungwe Mpya. Kuna mfereji wa zamani, wazee waliuchimba kwa majembe. Utaogelea mpaka uote mapezi!"

Ndani ya basi la Kasulu nilimsimulia mama wa siti ya pembeni. Akaacha kutafuna hindi lake. "Mfereji ule? Maji yake yanatulia, halafu yanabadilika ghafla." Akarudi kwenye hindi lake.

Jioni, nyumbani kwa kina Jeni, mama yake alinikumbatia. Wao asili yao Burundi, ila sasa ni raia, wanalima maharage. "Yoo, mwana wanje, mwanangu, umekonda! Kibondo hamli?" Kisha akamgeukia binti yake. "Mkienda majini, nguo langoni. Umesikia?"

"Mama naye! Nimesikia tangu nazaliwa."

Njiani asubuhi Jeni akanieleza. Mfereji una lango la mbao. Anayeogelea upande wa chini wa lango hufunga nguo kwenye nguzo ya lango. Mkulima mwenye zamu ya maji akiiona nguo, anasubiri. Asipoiona, anainua mbao, na maji yanashuka kwa kasi hadi kwenye kalvati jembamba chini ya barabara.

"Na mtu akiwa ndani?"

"Ndiyo maana tunafunga nguo, mwoga wewe."

Akafunga khanga yake, tukashuka hadi kwenye kona, ambako lango halionekani tena. Maji yalikuwa meusi, kuta zake za mawe zina ukoka. Niliingia hadi kifuani nikiwa nimeshika majani kwa mikono yote miwili. Kitu kiligusa mguu wangu, nikapiga kelele. Jeni akacheka mpaka akanywa maji. Sikukaa sana, nilitoka nikitetemeka, meno yanagongana.

"Maskini, unakufa na baridi," akasema, bado yumo majini. "Nenda kachukue khanga yangu, ujifunge."

Nikaenda. Nikaifungua, nikajifunga, nikarudi nikijisikia vizuri kabisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

Nilikaa ukingoni. Kwanza niliona majani yaliyokuwa yametulia yakianza kusogea. Halafu nikasikia mlio kama gari linalopanda mlima. Jeni akaacha kucheka. "Khanga!" akasema, na uso wake ukawa uso nisiowahi kuuona.

Maji yalimbeba kuelekea kalvati. Nilikimbia ukingoni, nikalala kifudifudi, nikamrushia ncha ya khanga. Akaikosa. Nikarusha tena, akaidaka. Sikuweza kumvuta; niliweza kumshikilia tu, viwiko vikichubuka kwenye mawe, nikipiga mayowe, "Mtu majini! Mtu majini!"

Sijui ilichukua muda gani. Maji yalipungua nguvu taratibu. Baba mmoja mwenye jembe begani, aliyekuwa na zamu ya maji, akaja mbio kutoka langoni alikorudisha mbao, miguu ina matope mpaka magotini. Tulimvuta Jeni pamoja. Yule baba alikaa chini.

"Nguzo ilikuwa wazi, wanangu," akarudia, "niliangalia, ilikuwa wazi."

"Uliangalia, baba," Jeni akamwambia kwa sauti iliyokauka. "Sisi ndio tulioitoa khanga."

Siku ya kurudi kulikuwa na ukungu. Kule stendi ya Kasulu Jeni alivua sweta lake, akanipa dirishani. "Vaa, njiani baridi."

Nilimtazama mabega yake, yamesisimka vipele vya baridi. Nikamrudishia.

"Vaa wewe kwanza, nikuone."

Hakubisha. Alilivaa, basi likaondoka. Kibondo wananiuliza kama nimejua kuogelea. Hapana. Ila siku hizi mtu akinipa kitu chake kwa huruma, nauliza kwanza kilikuwa kinamkinga nani.