Gia ya Tatu Iliyofungwa Mpira

Ipo alasiri moja, mwanangu, ambayo hadi leo hunijia nikiwa kati ya usingizi na macho. Huenda ni jua lake, huenda ni ule mvumo nilioufuata nikiwa nimelaza sikio kwenye bati la moto. Hunijia polepole, kama gari linaloteremka mlima likiwa limezimwa, na kila linaponifikia hunikuta nimeshaanza kutabasamu.

Nilikuwa msichana wa umri wa kuolewa, na nilikuwa naendesha pikapu. Siku hizo, huku kwetu Ganze, jambo hilo liliwafanya watu wasimame njiani na kuduwaa. Sikuwa nimelitafuta. Baba na mama walitutoka katika kiangazi kimoja, mmoja akimfuata mwenziwe, nami nilikuwa wa kwanza kuzaliwa. Niliacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba, nikabaki na wadogo zangu: Karisa, Sidi, na kitinda mimba wetu Kazungu. Tulibaki pia na pikapu ya baba, ya buluu iliyopauka hadi ikawa kama anga ya saa sita. Nilichota maji upande wa Kilifi, yanakofika kwa mfereji, nikayapandisha kuyauza bara kwetu, ambako akina mama hupanga mitungi mstari tangu alfajiri.

Pikapu hiyo ndiyo iliyotuweka pamoja, wala sisemi kwa mafumbo. Baba mdogo Charo, ndugu yake baba aliyekuwa na duka Malindi, alitamka baada ya matanga: gari likitembea, kaeni, gari likifa, nakuja kuwagawa. Karisa angeenda kwake dukani, Sidi kwa shangazi huko Mambrui, Kazungu kwa jamaa za mama huko Mariakani. Mimi ningetafutiwa mume. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kama mtu anayepanga magunia ili yasianguke.

Basi gia ya tatu ikaanza kuruka. Unaitia, inaingia vizuri, unakanyaga mafuta na kusonga. Halafu kwenye mwinuko, au ukipita shimo, mkono wa gia unachomoka wenyewe na kurudi katikati. Injini inapiga kelele na gari halina habari. Mwanzo niliushikilia kwa mkono. Mkono ukachoka. Nikakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikautundika chini ya dashibodi, na kila nilipoingiza ya tatu niliuvingirisha ule mpira kwenye mkono wa gia. Ukatulia. Nikajiona fundi.

Nyumbani nako nilikuwa na utaratibu wangu. Hakuna kulia, hakuna kuwataja waliokwenda. Niliona kwamba jina la mama likitajwa wakati wa kula, chakula hakiliki tena. Kwa hiyo nilisema nyamazeni, wakanyamaza, na nyumba yetu ikawa na kimya kizuri, kama darasa lenye mwalimu mkali.

Lakini mpira nao ulianza kukatika, na siku moja nikalipeleka gari kwenye gereji moja ya Kilifi. Fundi aliliendesha mpaka langoni akarudi. Akashuka, akapangusa mikono.

"Dada, giaboksi imekufa."

Neno hilo nilikuwa nimelisikia vya kutosha mwaka ule. Nilikaa kwenye kivuli cha pikapu, nikatazama vumbi likizunguka taratibu, na moyoni nikaanza kukunja nguo za Kazungu, moja moja. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Nilishtuka kusikia fimbo ikigonga bati juu ya kichwa changu.

"Hili si gari la Katana?"

Alikuwa Mzee Athmani, mtu wa Mambrui aliyehamia Kilifi, dereva wa malori aliyestaafu. Baba, huyo Katana, alianza kazi kwake kama utingo, na ndiye aliyemfundisha kuendesha.

"Ni lake, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Nawe ndiwe Dama. Ulikuwa ukilala huku nyuma juu ya magunia ya nazi, mdomo wazi. Sasa mbona umekaa kama mtu aliyefiwa?"

"Wamesema giaboksi imekufa."

"Aliyesema alikaa nalo kiasi gani?"

"Aliliendesha mpaka langoni."

"Mpaka langoni!" Alicheka hadi akashika mlango. "Hata mchumba hatazamwi hivyo."

Kisha akachungulia ndani, akauona ule ukanda wa tyubu. Kicheko kikakatika.

"Na huu?"

"Gia inaruka, babu. Nimeizuia."

"Umeifunga mdomo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Gari halina ulimi, Dama. Lina hilo tu la kukuambia linaumwa. Nawe umeliona linasema, ukalifunga mdomo kwa mpira wa baiskeli. Likija kuvunjika kweli, utasema halikukuonya?"

Nikainamisha kichwa. Akaniuliza: inaruka gari likiwa na baridi au likishapata moto? Na mzigo, au hata tupu? Ukikanyaga mafuta, au ukiachia? Nilijua tu kwamba inaruka, na kwamba sitaki iruke.

"Basi jaza mitungi," akasema. "Mguu wangu hautaki kutembea na gari lako halitaki kwenda. Tutafaana."

Tukajaza maji. Nikadhani atakaa mbele nami, kumbe alipanda nyuma, akajilaza kati ya mitungi, akavua kofia yake na kulaza sikio kwenye bati. Ule ukanda aliutia mfukoni. Tulipopita stendi, vijana wa mizigo wakapiga mbinja.

"Dada! Maiti wako mbona anatikisa mguu?"

"Ananiomba nipunguze mwendo!" nikawajibu, na Mzee Athmani akainua mkono kuwapungia, wakatawanyika kwa vicheko.

Tukatoka mjini. Mashamba ya mkonge yakafunguka pande zote, mistari yake ikifungana na kufunguka kadiri tunavyopita. Nilimtazama mzee kwenye kioo. Macho yamefumba, uso umelegea. Nikasema moyoni, amelala. Gia ikaruka mara ya kwanza, hakutikisika. Ikaruka tena. Nilipofika juu ya mwinuko, akagonga bati kwa fimbo.

"Simama. Sasa lala wewe."

Hapo ndipo penye ndoto yangu, mwanangu. Nilijilaza pale alipolala, bati likanichoma shavu kidogo halafu likazoeleka. Yeye akashika usukani. Na nilipofumba macho, nikawa mtoto. Harufu ya makumbi ya nazi ikarudi, na mgongo wa baba kwenye kioo cha nyuma. Gia ya kwanza ilivuma chini kabisa, kama mtu anayeguna. Ya pili ikapanda. Ya tatu ikaimba ule wimbo wake mrefu niliolala nao miaka yote ya utoto, na nikaujua, kama unavyoijua sauti ya mtu wa nyumbani akiwa chumba cha pili. Haukuwa umeharibika. Haukukwaruza wala haukulia. Nilikaribia kulala kweli.

Kisha mzee akaachia mafuta, na chini ya sikio langu kitu kikasema: gu.

Akakanyaga tena. Gu. Na papo hapo injini ikapiga kelele, gia imeruka.

Hiyo *gu* haikuwamo utotoni mwangu.

Tuliposimama nikamwambia, na maneno yalinitoka kwa pupa. "Babu, gia zenyewe zinaimba vizuri. Ila kuna kitu kinainuka na kuanguka. Ukiachia mafuta kinaanguka, ukikanyaga kinainuka, ndipo inaruka. Tena huzidi pakiwa na mzigo, kwa sababu asubuhi nilikuja tupu na iliruka mara chache."

"Nani amekuambia hayo?"

"Gari."

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Tukatia mawe chini ya magurudumu, nikaingia uvunguni. Giaboksi hulala kwa nyuma juu ya mpira mnene, unaoibeba na kuizuia isirukeruke. Niliposukuma kwa mkono, giaboksi nzima ikainuka kama mgonjwa anayesaidiwa kukaa, nikaona mpira ule umepasuka katikati. Alinielekeza nifungue kizibo cha ubavuni, nichovye kidole kwenye oili na kuisugua kwa dole gumba. Ilikuwa laini. Haikuwa na unga wa chuma unaometameta, haikunuka kuungua.

"Giaboksi yako nzima," akasema kutoka juu. "Imekosa kitanda tu."

Nilicheka nikiwa chini ya gari, na machozi yakateremka kuelekea masikioni.

Tulipokuwa tukirudi mjini aliniuliza, kama anayepitisha mazungumzo, "Na wadogo zako hawajambo?"

"Hawajambo, babu. Hawalii hata."

Alinitazama kitambo, kisha akageukia dirishani.

Mpira tuliupata kwenye gari bovu lililokaa nyuma ya gereji ile ile, na fundi yule yule ndiye aliyetufungia, huku akijicheka. Hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka.

Lakini habari za kufa kwa gari zilifika Malindi kabla ya habari za kupona kwake. Jumapili hiyo baba mdogo akaja, bado amevaa shati la kanisani, na mkononi ana mifuko mitupu ya kutilia nguo za watoto. Sikubishana naye. Nilimpandisha pikapu ikiwa imejaa maji, nikaifuata njia ya mwinuko mrefu. Nikatia gia ya tatu, nikauondoa mkono wangu. Aliutazama ule mkono wa gia njia nzima, kama anayengoja mnyama atoke shimoni. Haukutoka.

Tuliporudi nyumbani akasema, "Haya, limepona. Lakini Dama, gari si mama. Hawa watoto wamepoa mno. Watoto hawapoi hivi."

Wadogo zangu walikuwa wamesimama mlangoni. Nilikuwa na jibu kali tayari ulimini. Nililimeza.

"Waulize wenyewe," nikasema.

Hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi, wakitafuta ruhusa usoni mwangu. Karisa akaangalia miguu yake. Kazungu akasema Mariakani haendi, kule kuna mbwa. Baba mdogo akamgeukia Sidi.

"Na wewe, mama?"

"Sitaki kwenda," Sidi akasema. Halafu, kwa sauti ambayo ilibidi niiname kuisikia: "Lakini hapa hatusemi mama."

"Hamsemi vipi?"

"Dada akisikia, anasema nyamazeni."

Nilikaa chini pale pale mchangani. Nikapiga mchanga kwa kiganja, hapa, kando yangu.

"Haya, Sidi. Sema."

Akaja. Akasema mama alikuwa hajui maneno ya nyimbo za kanisani, kwa hiyo mahali asipojua aliimba majina yetu. Karisa akacheka ghafla, akasema ni kweli, na kwamba mwalimu wa kwaya alikuwa akimkodolea macho. Kazungu, aliyekuwa mdogo mno kuyakumbuka hayo, akauliza, "Hata langu?"

"Lako ndilo lililokuwa la mwisho," nikasema. "Alilivuta sana."

Nikamwimbia alivyokuwa akilivuta. Kisha tukalia, wote, kwa kelele, hata jirani akatokeza kichwa uani. Baba mdogo alilia nasi. Jua lilipolegea, alipangusa uso, akaikunja mifuko yake mitupu, akaitia kwapani na kuomba nimfikishe barabara kuu. Tangu siku hiyo alikuwa akija na samaki.

Leo, mwanangu, magari yenu mengi hubadilisha gia yenyewe, lakini hayajaacha kusema. Ukitia gia ya kwenda mbele na gari likafikiri kwanza kabla ya kuondoka, limesema. Injini ikipanda sauti na mwendo usipande, limesema. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, limekwambia zamani, wewe ndiye umechelewa. Wala usijaze oili yoyote utakayopewa, kila giaboksi ina yake. Kwenye gari la klachi, kelele ikiwa ipo umesimama bila gia, kisha inakoma ukikanyaga klachi, ni beringi ya ndani inayoomba. Gia zikikwaruza kuingia, itazame kwanza klachi. Uliza ni baridi au moto, mzigo au tupu, kukanyaga au kuachia. Na mtu akikuambia imekufa, muulize amekaa nayo kiasi gani.

Ila nasaha yangu si ya magari peke yake. Wewe unayelea wadogo zako, au utakayelea wa kwako, usiufurahie ukimya kwa sababu tu unakupunguzia kazi. Anayelia anakuonyesha mahali. Anayekataa chakula anakuonyesha mahali. Mwache aseme, hata kama huna dawa, hata kama nawe utalia. Kuwa imara si kuziba. Ni kubaki umekaa pale mtu anapomaliza kusema.

Mungu akujalie njia ndefu na mzigo unaouweza. Akupe sikio jepesi na mkono usio na pupa. Na wote watakaolala chini ya dari lako wasiogope kukuambia panapowauma, nawe usikose wa kumwambia panapokuuma wewe. Nenda salama, mwanangu.