Sista Tekla Alininusa Viganja

Usiku ule nililala nimenuna. Mchana kutwa nilikuwa nimebishana na watu wa maabara juu ya damu ya Zawadi, binti aliyejifungua kwa upasuaji na ambaye homa yake ilikataa kushuka. Mimi ni muuguzi katika utafiti wa maambukizi hapa hospitalini. Nachukua damu ya wagonjwa, maabara wanaiotesha ili kijidudu kilichomo kikue, tunajua ni kipi na kinauawa na dawa gani. Damu ya Zawadi iliota kijidudu cha kwenye ngozi. Nikachukua tena, kikaota kilekile.

"Huo uchafu tu, sista," walisema maabara. "Ni mkono wa mchukuaji."

Mchukuaji ni mimi. Iliniuma, na kibaya zaidi nilianza kuwaamini, huku Zawadi akizidiwa.

Nikaota niko jikoni kwa mama yangu, natafuta sabuni. Nageuka, namwona Sista Tekla amesimama kando ya ndoo ya maji, gauni lake jeupe limenyooshwa vilevile. Huyu ndiye aliyenifundisha uuguzi, na kaburini kwake nililia kuliko hata nduguze. Alikuwa mkali yule mama! Ukishanawa, hakuiangalia mikono yako, aliinusa. Ikinukia sabuni mpaka katikati ya vidole, anakwambia, "Pita." Isiponukia, unarudi bombani huku wenzako wakikucheka.

Nilijua kabisa kwamba amekufa, wala sikuogopa. Nilifurahi kumwona. Akavichukua viganja vyangu, akainama, akanusa.

"Mikono hii ni safi," akasema. "Kwa nini unaisingizia?"

Jiko halipo tena. Tuko wodini, mchana kweupe, vitanda vyote vitupu isipokuwa cha Zawadi. Sista Tekla anaketi pembeni yake, anamshika mkono wa kushoto, ule wenye bandeji. Nataka kumzuia. Mishipa ya Zawadi haionekani. Tulipoupata huo mmoja tukaweka kanula, kile kibomba cha kupitishia dripu, tukafunga bandeji nene isije ikachomoka, na kila zamu inaiachia zamu inayofuata neno hilohilo: usiguse hapo.

"Sista, tafadhali," namwambia, "tukiupoteza huo hatuna mwingine."

Anafungua bandeji taratibu. Inafunguka, inafunguka, haiishi, inajaa sakafuni hadi magotini mwangu. Zawadi ametulia kama mtoto anayevuliwa shati.

"Mlango mnaulinda," Sista Tekla ananiambia, "lakini hamuulizi nani anapita."

Nikaamka viganja vyangu viko puani.

Hata chai sikunywa. Nilimkuta daktari wa wodi anaanza raundi. Habari ya ndoto sikumwambia, angenitania hadi Krismasi.

"Daktari, mimi nilinawa," nikasema. "Mara zote mbili. Kama si mkono wangu, basi hicho kijidudu kimo kwenye damu yake kweli, na kuna mahali kimeingilia. Tufungue ile bandeji."

Akautazama mkono wa Zawadi. "Kwani hakuna aliyefungua?"

Hakuna. Tulipofungua, ngozi ilikuwa nyekundu, mshipa umekakamaa, na usaha ukachuruzika pembeni mwa kanula. Tuliitoa. Tulihangaika mpaka jasho likatutoka kupata mshipa mwingine, kisha daktari akambadilishia dawa kufuata majibu yaleyale yaliyoitwa uchafu. Mtu wa maabara alikuja mwenyewe wodini kuniomba radhi, nami nikamwacha aombe mara mbili.

Homa ikashuka. Siku mama yake Zawadi alipomleta mtoto, Zawadi alinyoosha mikono ampokee, halafu akasita.

"Sista, naomba ninawe kwanza."

Nikammiminia maji. Alipomaliza sikuweza kujizuia; nilivishika viganja vyake, nikainama, nikanusa.

"Pita," nikamwambia, nikampa mwanawe.