Kikumbo cha Goli la Kaskazini

Siku yangu ya kwanza uwanjani Nachingwea sikupewa filimbi. Nilipewa kibendera chekundu, na Refa Mkuu akanisimamisha kwenye pembe ya goli la kaskazini. Alikuwa askari mstaafu aliyerudi kutoka vita vya Burma, mtu wa maneno machache na sauti ya gwaride. Mimi nilikuwa kijana wa Naipingo, fundi katika karakana ya matrekta ya mashamba ya karanga, na nilidhani kazi ya lainimani ni kukimbia tu pembeni mwa mstari.

"Ikipigwa kona, usitazame mpira," aliniambia. "Mpira hauna hila. Tazama mabega."

Maneno hayo niliyashika maisha yangu yote ya urefa, na ndiyo yaliyoniponza.

Ninyi vijana mnaobishana mbele ya televisheni mpaka mishipa ya shingo inawatoka mmezoea kuona kipa akitunzwa kama yai. Wakati wetu kulikuwa na kikumbo, yaani kumsukuma mtu bega kwa bega, na sheria ilikiruhusu. Kipa akishaudaka mpira, mshambuliaji aliweza kumpiga kikumbo halali, kipa akaingia golini yeye na mpira wake, na goli likahesabiwa. Lakini kabla hajaudaka, akiwa ndani ya kile kisanduku kidogo mbele ya goli, kumsukuma ilikuwa faulo. Sasa kona imepigwa, watu wameruka kwa pamoja, vumbi limetimka: nani ataapa kwamba bega lilifika kabla ya mpira au baada yake? Hapo kila refa alikuwa na dini yake. Bwana Ustawi, Mzungu aliyesimamia michezo kambini Nachingwea, alitaka makipa wasukumwe, maana kwao ndivyo walivyocheza. Kule Ruangwa, karani wa liwali, aliyekuwa refa wa huko, alipuliza filimbi hata kipa akiguswa jezi. Kipa yule yule wiki hii alilindwa, wiki ijayo aliumizwa mbavu kihalali.

Uwanja wenyewe niliuona ukizaliwa. Matrekta mawili yalifungwa mnyororo mzito kati yake, yakaenda sambamba, na msitu ukalala chini. Pale lilipokuja kusimama goli la kaskazini palikuwa na msolo mkubwa. Mwenyeji wa kwetu haulizi msolo ni mti gani. Watu wa Mtua na Naipingo walikuwa wakiweka unga shinani pake kuwaomba wazee waliotangulia; bibi yangu alinipeleka nikiwa mdogo. Mti uling'oka na mizizi yake, watu wakatazamana, wakarudi kazini. Kwa muda mrefu hapakutokea neno.

Kisha chokaa ya kuchorea mistari ikaisha. Mtunza uwanja alikuwa Mzee Mchopa, mtu wa Mtua. Alikwenda kutoa taarifa, na mimi nilikuwapo.

"Stoo kuna unga ulioingia wadudu," Bwana Ustawi akasema. "Chora kwa huo."

Mzee Mchopa akaweka ndoo chini. "Bwana, pale unga haumwagwi ovyo. Ukiumwaga, umewaita wenyewe. Wakija, mtawakanyaga kwa viatu?"

"Ni mstari tu, mzee."

"Kwako ni mstari. Mimi sichori."

Akaitwa turniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa trekta, mgeni wa mbali, naye akachora. Mstari wa goli la kaskazini ulitoka mnene kuliko yote. Ilipofika mapumziko ulikuwa umekwisha kwa kukanyagwa, na Mzee Mchopa hakuonekana tena uwanjani siku hiyo.

Tangu hapo kona za goli lile zikawa na jambo. Kusini, kona ilikuwa kona. Kaskazini, kipa aliruka peke yake, mikono juu, kisha akatupwa pembeni na hakuna aliyemgusa. Haikuwa kila kona, na hilo ndilo lililotutia hofu zaidi, kwa sababu hatukujua ni ipi. Marefa wakaanza kubabaika. Mmoja alipuliza, akamsingizia mshambuliaji aliyekuwa karibu. Mwingine aliacha, akatoa goli. Watazamaji wakasema tumekula rushwa, na mimi niliyekuwa penye kibendera, nikitazama mabega kama nilivyofundishwa, nilikuwa sijaona bega lolote.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Saidi Chilumba wa Nandagala, kipa wa Ruangwa. Kijana mrefu, mpole, mikono mikubwa ya mkulima. Kila walipokuja kucheza kwetu aliangushwa, na Refa Mkuu akampa jina la Mjitupaji. Jina likavuka mpaka Ruangwa. Wenzake wakaacha kumpokea mzigo njiani, na nahodha wao akamwambia wazi: ukianguka tena bila kuguswa, jezi unaivua palepale, mbele ya watu.

Aliniambia hayo asubuhi ya mechi. Refa Mkuu alikuwa amehamishwa, na mimi ndiye niliyepewa filimbi.

"Mjomba, mimi sijitupi," Saidi akasema. Akafunua jezi. Ubavuni palikuwa na alama ya zambarau, pana. "Bega nalisikia. La baridi. Na kabla halijanifika nasikia harufu ya unga."

"Umewaambia wenzako?"

"Niwaambie nini? Tayari wananiita mwongo. Unataka waniite na mwehu?"

Nilimwonea huruma sana, na niliogopa. Nilimwahidi kitu kimoja tu, kwamba nitatazama.

Mechi ilikwenda bila bila mpaka jua likaanza kulala. Nachingwea wakapata kona, kaskazini. Hapakuwa na upepo. Kibendera cha pembeni kilining'inia kama kitambaa cha jikoni. Mpira ukapigwa. Nikatazama mabega. Washambuliaji walikuwa wamechelewa, mabeki wamewazuia, na mbele ya Saidi palikuwa peupe. Akaruka. Nikaona ubavu wa jezi yake ukibonyea ndani, kama mto unapolaliwa, naye akatupwa upande hadi kwenye nguzo. Mpira ukapita ukaingia golini.

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Nahodha wa Ruangwa alikuwa ameshaanza kumwendea Saidi, mkono umenyooshwa kudai jezi.

Nikapuliza filimbi. Faulo.

Bwana Ustawi akaingia uwanjani, uso mwekundu. "Faulo ya nani?"

"Sijui, Bwana."

"Namba ngapi kamsukuma?"

"Hana namba. Aliyesukuma sikumwona. Aliyesukumwa nimemwona."

"Utakuwa kichekesho cha jimbo zima!"

"Nitakuwa, Bwana. Lakini bega lilikuwapo."

Sheria inasema mpira wa faulo ukipigwa, aliyekosa na wenzake warudi nyuma. Nikawarudisha wachezaji wa Nachingwea. Kisha nikageukia pale palipokuwa peupe, karibu na nguzo. Nikanyoosha mkono kwa adabu, kama ninavyomwelekeza mtu mzima.

"Tafadhalini, sogeeni."

Hakuna aliyecheka. Vumbi la mbele ya goli likanyanyuka kidogo, likaenda taratibu kuelekea nyuma ya nguzo, na kibendera hakikutikisika.

"Wamesogea," Saidi akasema kwa sauti ndogo. Akaupiga mpira mbele. Nahodha wake akashusha mkono, akarudi kwenye nafasi yake bila kumtazama usoni.

Jioni ile Bwana Ustawi alininyang'anya filimbi. Sikuchezesha tena Nachingwea wakati wa utawala wake. Karani wa liwali akanichukua Ruangwa, akanipa filimbi nyingine, nikafanya kazi huko mpaka magoti yakanikataa. Karanga zilishindikana, matrekta yakaondoka, uwanja ukaachwa. Saidi alidaka miaka mingi, na jina la Mjitupaji likafa.

Nilipokwisha kustaafu, tulikwenda pale mimi na yeye, wazee wawili wenye fimbo. Siku hizi ni shamba la mikorosho. Saidi alipapasa kwa fimbo mpaka akapata kisiki cha nguzo.

"Simama hapo, mjomba. Leo wewe ndiye kipa."

Akaokota bibo lililoiva, akajikongoja mpaka ilipokuwa pembe ya uwanja, akalirusha juu. Nikacheka, nikaacha fimbo, nikainua mikono kulidaka. Kwanza nilisikia harufu ya unga.

Nilijikuta nimekaa chini, ubavu unaniuma, na bibo limepasuka nyuma yangu, ndani ya goli. Saidi hakukimbia kuja kuniinua. Alisimama palepale, machozi yanamtoka, akiniuliza kwa sauti ile ya Bwana Ustawi:

"Faulo ya nani?"

Nikapeleka mkono kifuani kutafuta filimbi. Ilikuwa nyumbani, imetundikwa msumarini.