Kuonja asali mbele ya wateja kumenimalizia meno, sasa ni zamu ya mdogo wangu

Wakuu, kwema humu? Leo naleta langu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu na sijatia chumvi. Nina hasira, mtanivumilia.

Mimi ni binti wa Kaliua. Nilipomaliza form four, shangazi, dada yake baba, alinichukua nikamsaidie kuuza asali kwenye meza yake Mtendeni, hapa Tabora mjini.

Kwa wasiojua, asali ya huku ina sifa, ila wachakachuaji wameiharibia jina. Mteja haamini chupa wala ndoo. Anataka muuzaji alambe kwanza huku anamwangalia usoni, ndiyo na yeye aonje.

Kazi ya kulamba ilikuwa yangu, kutwa nzima.

Shangazi alikuwa na sharti: marufuku kusukutua mdomo pale mezani.

"Mteja akikuona unasukutua, atasema asali ina kitu."

Jioni alinipa dawa yake, limao na unga wa mkaa, nisugue kwa nguvu. Eti uchachu unaua utamu. Na meno yalikuwa yanang'aa kweli, nikajiona mjanja wa mjini.

Miaka haikuwa mingi, maji ya baridi yakawa hayapiti. Jino la mbele likamomonyoka ukingoni, ya pembeni yakatoboka.

Nikaenda hospitali. Daktari wa meno akaniuliza nakula nini, nikamweleza kazi yangu. Akatikisa kichwa.

"Asali yenyewe ina asidi, mdogo wangu. Na bakteria wakila ile sukari, wanatoa asidi nyingine."

Alinifafanulia hivi. Mate yana bikaboneti, ndiyo bafa ya mdomo, yaani kituliza asidi. Yanaipoza asidi, pH inapanda tena, yaani uchachu unapungua, na jino linarudishiwa madini kidogo kidogo. Ila yanahitaji muda. Mimi kila yakianza kazi, nalamba tena. Halafu jioni, enameli, lile ganda gumu la jino, ikiwa imelainika, naiongezea asidi ya limao na kuikwangua na mkaa.

Maji ya kusukutua tu yangenisaidia sana. Hayo hayo niliyokatazwa. Hapo niliumia kuliko siku niliyong'olewa yale yaliyotoboka.

Nilimweleza shangazi yote. Akanitazama mdomoni, akasema, "Kwa meno hayo wateja watanikimbia."

Basi. Hata pole sikupata. Wanasema kizuri chajiuza. Mimi nikahamishiwa nyuma, kuchuja asali na kuosha ndoo.

Mezani akaletwa mdogo wangu Veronika, naye kamaliza shule juzi juzi. Ana meno meupe, wateja wanampenda.

Nilimpelekea kikombe cha maji asukutue. Shangazi akamwambia mbele yangu, "Dada yako ana kijicho tu."

Veronika hakukigusa. Alichovya kijiti kwenye ndoo, akalamba, akamchekea mteja.

Nilichojifunza, wakuu: ukila kitamu au kichachu, sukutua na maji ya kawaida, subiri kama nusu saa ndipo upige mswaki, tena taratibu. Limao libaki kwenye samaki. Na biashara ya ndugu inaweza kukutafuna ukiwa unaichekea.

Mwenye ushauri aandike hapo chini, namna gani nimuokoe huyu mtoto. Msiniambie niongee na shangazi.

Jana jioni Veronika ameniuliza malimao yanakaa wapi.