Mama Trei na Sentensi Yake Moja

Trei imebeba vikombe sita vya chai na hakuna kinachogongana na mwenzake. Mwanamke aliyeishika amesimama mlangoni mwa maktaba ya nyumba kubwa ya zamani, aproni nyeupe kiunoni, anasubiri zamu yake. Ndani, tajiri ameuawa tangu asubuhi. Lakini ameuawa kwa ajili ya kamera tu. Mwenyewe yuko barazani anatafuna karanga.

"Kimya! Kamera!" mwongozaji anapaza sauti.

Ni filamu ya upelelezi ya zama za taa za mafuta na kofia ndefu. Wageni, wote weupe, daktari akiwa mmoja wao, wamejaa kwenye viti vya ngozi, na kila mmoja ana sababu yake ya kuua. Watumishi ni weusi, na wao hawana sababu ya chochote. Isipokuwa leo mmoja wao atatamka sentensi itakayomtaja muuaji.

Wenzake wanamwita Mama Trei. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi yake imekuwa kuingia, kumimina chai na kutoka. Malipo yanatosha nauli na chakula cha siku mbili, basi. Filamu ikioneshwa nyumbani, mama yake mzazi huvuta kigoda hadi karibu na televisheni.

"Wewe uko wapi humo, mwanangu?"

"Hiyo mikono, mama."

Leo kwa mara ya kwanza ana maneno ya kusema. Anaingia, anafungua kinywa, mpelelezi anageuka kumtazama, naye anarudi nyuma hatua moja. Uso wake unamezwa na giza la mlangoni.

"Kata! Mbona unarudi nyuma?"

"Nimerudi? Samahani, hata sikujua."

Wanarudia. Anarudi nyuma tena.

"Siku ya kwanza kabisa niliambiwa, nyota akigeuka, wewe toka kwenye mwanga, usimzibe," anaeleza huku akijifuta jasho. "Sasa mwili umeshazoea. Nauambia ukae, wenyewe huo unakwenda zake."

Na taa zenyewe zimepangwa kwa ajili ya waliokaa. Mlangoni hakuna hata moja.

Jua linateremka dirishani, na nyumba hii ya kukodi inatakiwa na wenyewe jioni hii. Mwongozaji uvumilivu umemwishia. "Hayo maneno apewe bibi wa nyumba. Tuseme yeye ndiye aliyemwona muuaji. Tumalize, jamani."

Mama Trei anajua akibisha huenda asiitwe tena; wa kushika trei wamejaa getini. Vikombe vinaanza kugongana.

"Bibi wa nyumba hakuwepo," anasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namimina chai."

Mtu anakohoa. Hakuna anayecheka.

"Naomba mara moja tu. Ila trei niiweke chini, maana nikiishika tu najiona niko kazini. Na taa moja ije huku. Hata nikisimama wima kwenye giza hili, nani ataniona?"

Mwongozaji anatazama dirisha, kisha anamtazama fundi taa. Fundi taa keshaanza kuburuta taa yake.

"Mara moja. Ukirudi nyuma tena, maneno yanahama."

Kamera inawaka. Mama Trei anaingia, anasukuma kando kofia ya mpelelezi iliyo mezani na kutua trei hapo. Mikono mitupu haijui iende wapi, anaishika aproni. Mpelelezi anageuka. Kisigino cha Mama Trei kinainuka, kinasitasita, kinarudi palepale. Uso wote uko kwenye mwanga, hadi jasho la juu ya mdomo linaonekana.

"Nilikuwa humu ndani, mkaongea kana kwamba hakuna mtu, na nilimwona daktari akitia sumu."

Mwongozaji anasahau kusema kata. Hatimaye anashusha pumzi. "Imepita hiyo."

Nje kwenye ngazi, Mama Trei anakaa na kucheka peke yake. Ameshaulizwa kama ana nafasi kwa filamu nyingine. Mtumishi tena. Atakwenda, ana watoto wa kulisha, lakini ana swali lake, na anamwambia fundi taa anayepita. "Humu nimeandikwa Mtumishi wa Pili. Huko nitauliza kwanza, huyo mtumishi anaitwa nani?"

Kabla ya hapo ana mpango mwingine: filamu hii ikitoka, atampeleka mama yake ukumbini, wakae viti vya mbele kabisa.

"Akiniuliza niko wapi, simjibu," anasema. "Safari hii atafute mwenyewe."